Ng'ombe wa Shangazi Gahongayire

Kinyinya, Kigali
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Gahongayire,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepungua kukusumbua tangu mvua zianze. Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi la Rusumo ilifika? Sisi huku hatujambo. Jolly anakusalimu sana. Binti yetu Ikirezi ameota jino la kwanza, na sasa anacheka ovyo ili kila mtu alione.

Najua utamuuliza Béatha anayekusomea, "Mbona Benon kaandika, simu kaibiwa?" Sijaibiwa. Ila wewe ukishika simu hunipi nafasi, Shangazi, na jambo hili nataka nilimalize bila kukatizwa. Tena naona aibu.

Unakumbuka mwezi wa tisa nilipokupigia. Mahakama ilikuwa imenifungua kutoka kwenye ule ufilisi kabla ya muda wake, kwa kuwa sikuficha kitu duka langu la vigae lilipokufa. Nyumba ilijaa watu waliokuja kusali na kushukuru. Nikaiweka simu sauti ya juu, nikasema mbele ya wote, "Shangazi, nimekupa ng'ombe!" Vigelegele vilipigwa mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nawe ukalia. Nilisema kwa moyo wangu wote, maana mtaji wa duka lile ulitoka kwa Gaju, ng'ombe wako wa pekee, uliyemuuza bila kuniandikisha hata kikaratasi.

Basi nilisema kabla sijasoma. Wiki mbili baadaye aliniita Alida, yule dada aliyewekwa na mahakama kusimamia madeni yangu. Nilivaa shati la Jumapili nikidhani ananiita kuniaga. Kumbe! Akanionyesha karatasi niliyoitia saini mwenyewe mwaka jana: kila mwezi sehemu ya mshahara wangu inakwenda kwa wanaonidai, kwa miaka mitatu. Kufunguliwa mapema hakuifuti.

Nikamwambia, "Lakini dada, mimi si nimefunguliwa?"

Akasema, "Wewe umefunguliwa, Benon. Mshahara wako bado."

Imebaki miezi ishirini na miwili. Nilitoka pale nimenywea, nikaona hata nauli ya pikipiki ni kubwa, nikapanda kilima kwa miguu. Nimejikasirikia kweli. Mtu aliyefanya biashara miaka tisa, anashindwaje kusoma ukurasa wa tatu?

Halafu ukaja mtihani. Tajiri wangu wa sasa, yule mwenye duka la saruji na mabati, anataka nisimamie duka lake jipya la Rebero, na mshahara utapanda. Nyongeza yoyote lazima nimwambie Alida, na nyingi yake inakwenda kulekule. Tajiri, kwa huruma yake, akasema ile nyongeza atakuwa ananipa mkononi, isiandikwe popote. Nikapiga hesabu: kufikia Pasaka ng'ombe angekuwa kwako, tena mwenye mimba.

Siku tatu sikumwambia Jolly. Unamjua, hapandishi sauti. Nilipomwambia, aliendelea kuchambua maharage, akauliza tu, "Na Shangazi akitaka kujua umempataje, utamwambia?" Kesho yake nikaenda kwa Alida nikaitaja nyongeza yote. Kilichobaki kwangu ni kidogo, nami nakiweka kila mwezi. Kwa sasa hakinunui hata kwato.

Nilikuwa nikitafuta namna ya kukueleza haya, ndipo juzi Béatha akatutumia picha ya zizi. Nguzo mpya, mlango mzuri, na wewe umesimama hapo umevaa kitenge cha sherehe! Akatuambia kwamba siku hizi kila ukishangaa jambo unaapa, "Benon kanipa ng'ombe!" kama wazee wetu walivyoapa kwa jina la aliyewapa. Jolly alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaingia bafuni nikalia, kwa sababu ng'ombe unayeapa kwa ajili yake hayupo.

Nisamehe, Shangazi. Nilikupa nisichokuwa nacho, mbele za watu. Nakuomba univumilie hiyo miezi ishirini na miwili.

Jambo moja zaidi. Alida alinisomea majina ya wanaonidai, kumi na mmoja. Muda ule ukiisha, wote watakuwa wamemalizana nami, hata wale ambao hawatapata chao chote. Jina lako halimo, kwa kuwa hukuniandikisha. Kwa hiyo hakuna hakimu anayeweza kunifungua kwako, wala sitamwomba.

Msalimie sana Mzee Jean-Berchmans, umwambie zile nguzo amezisimamisha kifundi. Mpe pole mama Pudentienne kwa msiba wa kaka yake. Béatha naye asante kwa kusoma. Hapa asiruke neno.

Mungu akulinde, Shangazi, akupe uzima wa kumkamua ng'ombe wako kwa mikono yako mwenyewe. Mpaka atakapofika, usiape kwa jina langu. Lakini zizi usilibomoe.

Mwanao akupendaye, na mwenye deni lako,

Benon