Chetezo Chini ya Trekta

Baba Habiba,

Nimekwenda Msata kununua oili. Muhogo umo jikoni, kuleni hivyo hivyo wa baridi. Moto usiwashwe hapo nyumbani mpaka nirudi, na trekta usiliguse.

Mikono yangu bado inanuka petroli na kinyaa hakijanitoka. Mara ngapi nimekwambia? Injini kubwa ya trekta ikishawaka, ile ndogo ya kuiwashia unaifunga koki ya petroli, unaiacha iungurume mpaka petroli iliyobaki kwenye kabureta iishe, izimike yenyewe. Jana wewe umeizima tu, koki wazi, ukaenda zako barazani. Petroli imevuja usiku kucha. Nyingine imeingia kwenye oili, imekuwa nyepesi kama chai ya rangi. Nyingine imelowesha mchanga wa bandani, chini ya trekta.

Asubuhi injini imegoma, hata kuinama utazame hukutaka. Ukasema ni jicho la Tekla, jirani aliyetuletea mananasi juzi! Natoka kisimani nakukuta umepiga magoti, unasukuma chetezo cha makaa mekundu chini ya trekta, ati unalifukiza ubani. Juu ya mchanga ule ule! Na nyuma ya ukuta mtoto amelala.

~~Ile oili imwage shimoni.~~ Usimwage kitu, nitaimwaga mwenyewe. Wewe fungua milango ya banda, harufu itoke.

Tekla kamwombe radhi leo leo.

Chetezo usikitafute. Nimeondoka nacho.

~~Mkeo~~
Mama Habiba