Maneno Ambayo Mbuzi Hakusema

Los Angeles

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje? Na mvua ya huko kwetu Kabati, imenyesha au bado inawachezea? Mimi ni mzima. Gazeti linanituma huku na huko, na kile kikohozi kimekwisha.

Barua yako nimeipata. Unasema mdogo wangu Kyalo anaonyesha video katika duka la marehemu Baba, na kwa kuwa filamu ni za Kiingereza, husimama kando ya televisheni akiwaeleza watu kwa Kikamba. Mzee wa kanisa akaingia, akamsikia mbuzi mzee wa katuni akiomba sala mpaka chakula kikapoa, kwa sauti kama ya mzee mwenyewe kabisa. Watu wakamgeukia, wakacheka. Sasa akina mama wa ushirika wa kanisa wanataka uache kuwaongoza, kwa sababu duka ni lako. Unaniomba niwaandikie kwamba maneno hayo yamo kwenye filamu.

Mama, filamu hiyo nimeiona. Nilikwenda na binti yangu Mwende. Michoro ni mizuri, na wimbo wa punda hukufuata hadi nyumbani. Lakini wanaimba mno. Punda akipoteza kiatu, wimbo, akikipata, wimbo. Mbuzi mzee haombi hata mara moja. Anaimba kuhusu mvua, kisha analala. Mwende alisema huyo ndiye mwenye akili kuliko wote.

Filamu za bunduki ndizo nisizozipenda. Mtu mmoja anapigwa risasi na kijiji kizima na hachubuki.

Wiki iliyopita nilitumwa kuandika habari za uwanja wa burudani uliojengwa na watu wa sinema. Kuna vigari vya reli vinavyopandishwa juu polepole, halafu vinaachwa viteremke. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu aliniambia, "Piga kelele, kijana, ndicho tulichokuja kufanya." Nikapiga. Watu hulipa ili waogope, kisha wanarudi kwenye foleni. Sikuona maana yake. Nilipanda mara mbili. Tulishuka tukicheka, lakini sote tulikuwa ndani ya vigari. Dukani kwako mzee alichekwa akiwa peke yake.

Jana nilimpigia Kyalo simu.

"Mbuzi aliomba?"

"Aa, kaka, mbuzi analala tu! Watu wangesinzia naye."

"Na sauti ya mzee?"

"Hiyo ilijitokeza yenyewe."

"Ikajitokeza wapi, Kyalo?"

Akasema, "Mdomoni mwangu."

Kwa hivyo siwezi kuandika ulivyoniomba. Wasomee akina mama haya: filamu haina ubaya, maneno ni ya Kyalo, na mama yetu hakuwepo, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kyalo amekubali kwenda kwa mzee Jumamosi. Usimsindikize. Ukienda naye, ataomba msamaha kwa mdomo wako. Najua uongozi huo una uzito gani kwako. Wakikutoa hata baada ya hayo, utatoka ukiwa umesema kweli.

Nisalimie shangazi Ndunge, fundi wetu wa nguo, na mjomba anayeuza ng'ombe Ikutha. Mzee wa kanisa naye umsalimie kwa heshima. Sala zake ni ndefu, hilo halina ubishi, lakini ukiwasomea akina mama, hapo uruke.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Mutinda