Maharage Niliyomnyima Baba

Jumapili jioni, Tunduma. Upepo wa Juni umevuma tangu asubuhi na vumbi la barabara ya mpakani limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Nimepiga deki nyumba nzima, nikarudia. Sakafu haikuwa chafu kiasi hicho. Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya ili nisikae sebuleni.

Leo nimempokonya baba yangu sahani ya chakula mkononi.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikairudisha. Mnaonisoma hapa mnanijua kama yule dada wa unga wa lishe, anayewachosha kila wiki kwa habari za ulezi, karanga na mboga za majani. Wengine mmeacha sembe mkahamia dona kwa ajili ya maneno yangu. Leo sina somo. Naandika kwa ajili yangu mwenyewe, atakayesoma asome.

Baba ni mkulima wa Ruanda, kule Mbozi. Kahawa ndiyo iliyotusomesha, lakini tulikuzwa na vile vilivyoota pembeni ya kahawa: migomba, maharage, maboga, na miparachichi ambayo kila msimu ilizaa mpaka tukawapa nguruwe. Hatukujua kwamba tunakula vizuri. Tulijua tu kwamba tumeshiba. Nilipokuja kujifunza mambo ya lishe ukubwani, niligundua kuwa mama alikuwa akitupikia kila kilichochorwa kwenye mabango ya kliniki. Mama alishatangulia mbele za haki. Baba akabaki na shamba lake hadi mwaka huu, miguu ilipoanza kuvimba na pumzi kumkatikia njiani.

Daktari alisema ni presha ya miaka mingi, pamoja na vile vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza kila mgongo ulipomsumbua. Figo zimechoka. Akatueleza kwamba kwenye chakula kuna madini yanayoitwa potasiamu. Kwa mtu mzima wa afya madini hayo ni mema, lakini figo za baba haziwezi tena kuyatoa mwilini, na yakizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama ghafla. Tukilinda chakula chake, mashine ya kusafisha damu inaweza kusubiri. Tukishindwa, atakuwa mtu wa kupelekwa Mbeya kila wiki kulazwa kando ya mashine, maisha yake yote yaliyobaki.

Nikauliza ni vyakula gani. Akaanza kutaja. Ndizi. Parachichi. Maharage. Viazi. Nyanya. Maboga na majani yake. Alikuwa analitaja shamba la baba, tuta kwa tuta, na baba alikuwa amekaa pale pale anasikia.

Basi baba akahamia kwangu, na jiko langu likageuka juu chini. Mimi muuza dona, nanunua sembe nyeupe na kuificha chini ya meza wateja wasiione. Mboga nazikatakata, naziloweka, nazichemsha kwa maji mengi, namwaga maji, nazichemsha tena, namwaga tena. Miaka yote hii nimewaambieni humu msimwage maji ya mboga, kwamba ndiko faida iliko. Sasa nasimama uani kila siku namwaga maji ya kijani mtaroni, kwa makusudi. Kinachobaki sufuriani kina rangi ya mboga tu. Chumvi hakuna.

Tunda aliloruhusiwa ni epo, zile zinazokuja na malori kutoka nchi za kusini. Siku ya kwanza aliitafuna kwa adabu mpaka ikaisha, halafu akasema, "Hili tunda limesafiri sana." Nilicheka hadi nikashika ukuta. Wakati ule bado alikuwa na utani.

Siku hizi hatanii. Anakula matonge machache, anaisogeza sahani kando na kuniambia, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Si kweli na wote wawili tunajua. Mashati yake yanampwaya, mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Daktari anasema ale vya kutosha ndani ya vile alivyoruhusiwa. Kwenye karatasi hilo ni jambo jepesi. Mezani, mbele ya mzee ambaye hajawahi kula mboga isiyo na chumvi, ni vita ya kila mlo.

Halafu kuna wageni. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu humwendei mgonjwa mikono mitupu. Jirani yangu mwenye asili ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, anayemwita baba "batata", yaani baba kwa lugha ya kwao, alimletea majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga, kile chakula wanachokiita ifisashi. Wanajumuiya walileta mkungu wa ndizi. Mama mmoja alileta juisi ya bitiruti, ya kuongeza damu. Wote wameleta kwa upendo. Mimi napokea kwa mikono miwili, napiga goti, nashukuru, napeleka nyuma, na wakiondoka nagawa.

Maneno yakaanza. Kwamba Eliza anapokea chakula cha baba yake na kukila na mashoga zake. Kwamba mzee anakauka na binti ananenepa. Hilo la kunenepa ni kweli, sitabisha. Nikiwa na majonzi nakula, tena nakula nikiwa nimesimama jikoni ili baba asione ninachotafuna.

Lakini ningefanya nini? Mwezi uliopita alienda msibani Ruanda bila mimi. Wakampakulia kama mzee wa heshima, maharage na ndizi za kuchemsha, naye akala, akaongezwa, akala. Alirudi amebebwa, hawezi kuinua miguu, mapigo ya moyo yanaruka. Hospitali walituambia tumemuwahi. Neno hilo, kuwahi, bado linanitoa jasho. Jumanne hii anapimwa damu tena, na majibu hayo ndiyo yatakayosema kama mashine inaendelea kusubiri au la.

Leo nimetoka kanisani, nikasikia harufu ya maharage tangu getini. Maharage mapya, yaliyoungwa kwa kitunguu. Nilijua kabla sijafungua mlango.

Shangazi alikuwa amefika kutoka Itaka. Ni dada mkubwa wa baba, yule aliyembeba baba mgongoni wakati mama yao akiwa shambani. Amekuja na maharage ya msimu huu, akaingia jikoni kwangu, akapika kama anavyojua kupika. Baba alikuwa amekaa wima. Sijui niieleze vipi hiyo, wima, maana ni wiki nyingi sijamwona akikaa hivyo. Sahani ilikuwa mapajani, imejaa, na nusu parachichi pembeni. Alikuwa anamsimulia dada yake jambo huku tonge likiwa tayari mkononi.

Natamani niandike kwamba nilisema kwa upole. Niliivuta sahani na lile tonge nikalitoa kwenye vidole vyake.

Shangazi aliruka. "Eliza! Unamnyang'anya baba yako chakula, mimi nikiwa nimekaa hapa?"

"Shangazi, yatamuua."

"Maharage? Maharage ndiyo yaliyomkuza huyu! Wewe uliyakula kwake ukapata hiyo akili ya kutufundisha!"

Alikuwa anasema kweli. Nimesimama na sahani, mchuzi unanimwagikia kwenye gauni la kanisani.

Baba hakupaza sauti. Aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado imekaa vile vile kana kwamba imeshika kitu. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hata mfungwa anakula maharage."

Akalia.

Sijawahi kumwona baba akilia. Hata siku tulipomzika mama alikuwa anaelekeza watu wapi pa kuweka viti. Leo amelia mbele ya dada yake kwa ajili ya sahani ya maharage, na aliyemliza ni mimi.

Sasa wako chumbani kwake wanaongea Kinyiha kwa sauti ya chini. Nikipita kwenye korido wananyamaza. Shangazi amesema kesho anaondoka, na kwamba akiweza ataondoka na mdogo wake. Chakula chake bado kiko jikoni, nimekifunika. Sikuweza kukigawa na sikuweza kukila.

Nimekaa hapa nikifikiria Jumanne. Wiki zote hizi nimekuwa nikimbembeleza baba, vumilia hadi Jumanne, vumilia hadi tuone majibu. Leo ndipo nimeona uongo ulio ndani ya maneno hayo. Majibu yakiwa mabaya, ni mashine. Majibu yakiwa mazuri, atapewa mwezi mwingine wa kabichi iliyochemshwa ikamwagwa maji, halafu mwezi mwingine baada ya huo. Hakuna Jumanne ambayo atarudishiwa sahani yake. Nilijua hivyo tangu siku ile kwa daktari, ila sikuwahi kumwambia waziwazi, na nadhani naye amekuwa akivumilia akingoja mwisho ambao haupo.

Nimeandika humu kwamba maharage yanajenga mwili, kwamba parachichi lina mafuta mema, kwamba mboga za majani zinaongeza damu. Sifuti hata neno moja. Ni vyakula vyema na ninyi wenye figo nzima endeleeni kuvila kwa furaha. Tatizo langu ni kwamba nimejifunza faida za kila kitu kinachoota Mbozi, na nimemtazama baba yangu kwa macho hayo hayo, potasiamu hii, chumvi ile, mpaka nikasahau kumtazama usoni.

Na kuna jambo lingine, baya zaidi. Nikijiuliza kwa nini nilivuta ile sahani kwa nguvu namna ile, sipati jibu moja. Nilikuwa namwogopea baba, ndiyo. Lakini nilikuwa najiogopea na mimi. Mama hayupo. Baba akiondoka, hakuna tena mtu duniani wa kuniita mwanangu kwa sauti ile, hata akiwa ananilaumu. Sijui ni kiasi gani cha vita hii ya jikoni ni kwa ajili yake, na kiasi gani ni kwa ajili yangu.

Daktari aliniuliza mimi. Mimi nilimuuliza daktari. Kaka zangu walipiga simu wakaniuliza mimi. Baba ana akili zake timamu, ndiye aliyekuwa akiamua kahawa ipi ing'olewe na ipi ipewe mwaka mwingine. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Kesho asubuhi, kabla shangazi hajafunga mzigo wake, nitakaa chini mbele yao wote wawili. Nitamwomba baba radhi kwa ile sahani. Kisha nitamweleza kila kitu bila kukipaka sukari: maharage yanafanya nini ndani yake, mashine inafanya nini, na kwamba njia hii tuliyomo haina mwisho wa kula atakavyo. Halafu nitamwuliza anataka tuendelee vipi, na nitanyamaza nimsikilize.

Nimejiapia kwamba atakachosema ndicho nitakachopika. Ee Mungu, asiseme maharage.