Juzuu ya Tarakimu Sita

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ubwa Makame Silima
Umri: Miaka 74, au zaidi, waliokuwa wakijua wameshakufa
Kazi: Mpishi wa halua
Dini: Muislamu
Makaazi: Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja
Tarehe: 17/08/2024, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu. Sikuitwa na mtu, na hilo ndilo linaloniuma.

Huu mwaka wa tisa nnapika halua katika duka la Bi Khairat Muhammad, mjane, hapo hapo Kiponda. Duka ni lake, sufuria ni zake, simu ya duka ni yake. Wenye arusi huagiza halua kwa WhatsApp ya simu hiyo. Changu mimi ni mwiko na maneno.

Mwezi wa Ramadhani, Haitham, fundi wa simu wa Darajani, alimwambia Bi Khairat mbele yangu aitilie WhatsApp ya duka namba ya siri ya pili. Akasema tena, namba yoyote inayoingia kwa ujumbe asisomewe mtu, hata akijiita nani. Mimi nikauliza tangu lini halua ikatiwa kufuli. Tukacheka sote, na namba ya siri haikutiwa.

Mnamo tarehe 10 Agosti, Jumamosi, alifariki Mzee Mcha, mpishi mwenzangu. Bi Khairat akautangaza msiba kwa simu ya duka, akaandika na jina langu, kwamba mimi ndiye sahibu yake na khitma itatangazwa. Watu wema wakasoma, na mwizi naye akasoma.

Mnamo tarehe 13, Jumanne, saa 4:20 asubuhi, Bi Khairat alikuwa Matemwe kupeleka halua. Simu ya duka aliiacha mezani inaingia chaji. Ikalia, nikapokea. Sauti ya mwanamme ikasema, "Shikamoo, Mzee Ubwa." Nikasema marahaba. Ilikuwa shikamoo ya adabu, si hizi za siku hizi za kutupwa kama ganda la ndizi. Akanipa pole ya Mzee Mcha. Akasema wanaunda kikundi cha khitma kwenye simu, kila mtu anapangiwa juzuu yake ya Kurani ya kusoma. Itaingia namba, nimsomee, aniandike.

Namba ikaingia, tarakimu sita. Chini yake maneno ya Kizungu, na Kizungu changu kinaishia kwenye bei ya halua. Nikavaa miwani, nikamsomea moja moja kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akasema, "Allah akulipe, babu." Akakata.

Afande, juzuu ziko thelathini. Nimezijua kwa bakora tangu sijaota ndevu. Mtu kanipa juzuu ya laki nne na ushei, nami nikaona huo ndio mgao wangu.

Jioni Bi Khairat karudi, WhatsApp imemtoa, haingii. Akaniuliza, "Mzee Ubwa, nani kaishika simu?"

Nikamjibu, "Labda paka."

Akacheka. Mimi nilikwisha kuhisi nini kimetokea, nikacheka naye.

Jumatano saa 5 asubuhi Haitham aliiangalia simu. Akasema kuna mtu kaisoma namba iliyoingia, na mwizi keshatia namba yake ya siri, kwa hiyo tungoje siku saba. Yale maneno ya Kizungu akatufasiria: usimpe mtu namba hii. Bi Khairat akasema dukani hakuna ila yeye na mimi, na Mzee Ubwa hata ujumbe hajui kuuandika. Mimi nikaendelea kukoroga halua iliyokwisha kuiva.

Ningesema Jumanne, angewapigia wateja jioni ile ile. Bi Bashira wa Nungwi alituma malipo ya halua ya arusi Jumatano alfajiri, kwa namba mpya aliyopewa na mwizi. Alhamisi wakwe wakanywa kahawa tupu. Jana Ijumaa akaja kushitaki, na Bi Khairat yumo humu tangu alasiri. Ujumbe ulitoka kwenye namba yake, tena una picha ya sufuria yake. Nani atamwamini?

Alhamisi jioni Haitham alimwonesha Bi Khairat kwamba Jumanne saa 4:20 simu ya duka ilipigwa ikapokewa, na saa hizo yeye yuko Matemwe. Basi alijua. Nimekuuliza kama amenitaja, afande, ukanambia hapana.

Leo saa 2:40 Bi Khairat amepitishwa hapo barazani, nami nimekaa. Miaka tisa hajanipita bila ya shikamoo, hata siku tulizogombana. Ameniangalia, akapita. Nikajikuta nasema marahaba, peke yangu. Askari mmoja akacheka.

Bi Khairat hakumdhulumu mtu. Namba niliisoma mimi, kwa miwani yangu, na ulimi ulioficha ni huu huu. Niliyonayo ndiyo hayo, na paka hakuwamo.

Sahihi: U. Makame

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Fathiya Hamad, kwa matamshi ya shahidi. Nimemsomea, amekiri ni yake. Nimemruhusu kuondoka saa 4:35. Hajaondoka. Amekaa kwenye benchi la barazani. Anasema anangojea shikamoo yake.