Robo ya Watu, Si Robo ya Kilo

Jumanne, 8 Julai 2025
Nimekuwa katibu wa kikundi cha wafuga nyuki. Usinge nzima imesikia. Wanachama tuko arobaini, kila mmoja na kikaratasi chake cha mzani wa asali, lakini Leodgar, Bwana Nyuki wetu wa serikali, kaniachia jedwali tu: kilo 1–10 watu sita, 11–20 kumi na wawili, 21–30 kumi na wanne, 31–40 wanane. Nitafute wastani na mstari wa robo ya chini. Walio chini ya mstari wanapewa mizinga mipya.

Wastani nimepiga mara mbili, umetoka ule ule: kilo 21.5. Shemeji Luhende, kaka wa mume wangu, kacheka. Eti wastani kauacha mbali, yeye kavuna thelathini. Kila mwaka thelathini, huyu!

Jumatano, 9 Julai
Nimetangaza mstari: kilo kumi. Kilo za juu kabisa ni arobaini, gawa kwa nne, basi. Wale sita wakapiga makofi. Mama Kashindye, mjane wa jirani, ana kumi na tatu. Akakunja kikaratasi, akasema haya, akaondoka. Mizinga yake ya magogo imeoza. Roho imeniuma.

Alhamisi, 10 Julai
Leodgar kapiga simu. Mizinga kumi iko tayari, mbona majina sita? Robo ya watu arobaini ni wangapi?

Kumbe robo ni ya watu, mimi nimekata kilo! Miaka mitatu nimeuza mchele Mtendeni — nikisikia robo, mkono unaenda kwenye mzani.

Nimeanza upya. Natafuta mtu wa kumi. Sita wa mwanzo, bado wanne kati ya wale kumi na wawili. Nne gawa kwa kumi na mbili, mara kumi ya upana wa kundi, jumlisha 10.5 linapoanzia. Inakuja 13.8.

Mama Kashindye yumo. Ila lazima nisimame niseme nimekosea. Naona aibu, jamani. Luhende atanitania mpaka Krismasi.

Jumamosi, 12 Julai. Mkutanoni
Naandika huku wanabishana. Nimeshasema. Luhende hakuchelewa: katibu wa robo kilo, tupimie na maharage. Wamecheka, hata mimi.

Nikaomba walio chini ya 13.8 walete vikaratasi mezani. Mama Kashindye kafika wa kwanza, karibu anikanyage. Nimehesabu: tisa. Jedwali ni makadirio, najua, linaweza kukosa mmoja. Basi nikaomba na waliobaki walete. Vimekuja thelathini.

Jumla thelathini na tisa. Kimoja hakipo. Luhende kawa mpole ghafla. Kakalia kitu, ncha ya karatasi inachungulia.

Nimemwambia shemeji, hebu inuka kidogo —