Mshumaa wa Tangi la Pili

Peyrelade, 9 Februari 1986

Mwanangu Solange,

Pokea salamu za baba yako ambaye bado yuko juu ya ardhi. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya huko Lille haijakugandisha vidole, maana mpishi asiye na vidole ni mlaji tu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika ninapopogoa mizabibu, lakini lilianza kulalamika kabla hujazaliwa.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu tumzike mama yako ni miaka mitatu, na siku ile uliondoka hata kahawa hukunywa. Sikulaumu.

Nimekutumia chupa mbili za mvinyo wetu wa mwaka jana, kila moja nimeichota kwenye pipa lake. Kuna mnunuzi anataka kujua unaendana na chakula gani. Nimemwambia binti yangu ni mpishi, ngoja aseme yeye. Mimi ningesema paja la bata lililolala kwenye mafuta yake, na viazi vya kukaanga na kitunguu saumu, lakini siku hizi nani anamsikiliza mzee? Huko kwenu wanakunywa bia na kula kome wa baharini, Mungu awasaidie. Onja, uniandikie. Na kama mwezi wa tisa utapata likizo, mavuno yanahitaji mikono.

Baba yako,
Anselme

*

Lille, 2 Machi 1986

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima, kazi ipo. Nashukuru kwa chupa.

Ile yenye uzi mwekundu shingoni ni nzuri. Ni nyeusi kama siku zote, kali, inaukamata ulimi haiachii. Ina harufu ya plamu na moshi. Miaka mitano ijayo itatulia. Kwa sasa ipe bata, kama ulivyosema, au bega la kondoo lililopikwa polepole mpaka mfupa unatoka wenyewe. Ikizeeka, uyoga wa porini. Jibini letu la mbuzi liwe kavu, na kokwa za jozi pembeni. Samaki usithubutu. Mpishi mkuu wetu ameionja akajimiminia tena, na huyo si mtu wa kurudia.

Chupa ya pili ni siki, Baba. Nilipoifungua tu, msichana wa kuosha vyombo aliziba pua. Wewe ambaye ulikuwa unalinusa pipa kutoka mlangoni na kusema lina shida gani, umenitumia siki. Kuna nini?

Mavuno siji. Unajua kwa nini. Nyumba ile ilinipa kazi moja tu: kushusha mshumaa ndani ya tangi kabla mtu hajaingia kuyatoa makapi ya zabibu. Mshumaa ukizimika, hewa inayoua, ile ya zabibu zinazochacha, bado iko chini, hakuna anayeshuka. Nilichelewa kuupeleka, ndugu yangu Fabien akashuka, akafa. Sina la kuongeza.

Solange

*

Peyrelade, 20 Machi 1986

Mwanangu,

Salamu tena. Goti ni lile lile. Umetia sahihi "Solange" tu, kama unaiandikia benki. Sawa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, basi acha niseme. Sina pua. Majira ya baridi ya mwaka juzi nilishikwa na homa siku tisa, na ilipoondoka iliondoka nayo. Vitunguu, jasho la farasi, sabuni, mvinyo, vyote ni maji. Hamna mnunuzi yeyote, nilikudanganya. Nilitaka kujua nimetengeneza nini. Lile pipa la siki nimelimwaga mtaroni, na nilisimama pale likitiririka bila kunusa chochote. Nililia, nakwambia kweli, na jirani yetu Firmin alikuwa anapita na trekta.

Firmin anataka kuinunua mizabibu. Ni mtu mwema, lakini ataing'oa apande mahindi. Imebaki pua moja tu katika ukoo huu, nayo iko Lille inanusa kome. Njoo, Solange. Si lazima ukae. Njoo kwa mavuno, onja matangi, uniambie lipi limeiva na lipi bado.

Ya mshumaa tuyaache. Ni ya zamani.

Baba yako

*

Lille, 5 Aprili 1986

Baba,

Pole kwa pua. Nasema kwa dhati, maana najua ilikuwa nini kwako.

Lakini "tuyaache"? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe unayaacha, mimi nalala nayo. Nikuambie ninachokiona kila siku saa sita mchana ninapoanza kupakua? Naona jiko letu, Oktoba 1978, maharage na bata ndani ya chungu. Mama ananiambia, "Onja chumvi kabla hujaenda." Nikaonja. Nikaongeza kidogo, nikaonja tena. Mshumaa ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilipofika ghalani, Firmin alikuwa anamvuta Fabien kwa kamba, na wewe umekaa chini. Uliwaambia askari, "Dada yake alichelewa na mshumaa, kijana akakosa subira." Ilikuwa kweli, nikaitikia kwa kichwa.

Miaka mitano nilimwandikia Mama. Barua zote zilirudi hazijafunguliwa. Amekufa hajanitazama usoni. Leo unaniita nije nisimame kwenye mdomo wa tangi lile lile, ninuse? Uza, Baba. Mwache Firmin apande mahindi yake.

Solange

*

Peyrelade, 11 Mei 1986

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Salamu zangu zipokee kwanza, maana ukifika chini huenda usizitake.

Hukuchelewa.

Asubuhi ile ulilipima tangi la kwanza, likawa salama, tukalimaliza. Tulikuwa tumekubaliana la pili tulifungue baada ya chakula. Lakini mbingu ilikuwa imeanza kujikunja upande wa mto, na nilitaka makapi yatoke kabla ya mvua. Fabien alikuwa ameshika koleo juu ya ngazi. Akaniuliza, "Baba, mshumaa uko wapi? Tumngoje Solange." Mimi nikainama kwenye mdomo wa tangi, nikanusa. Nikamwambia, "Hakuna kitu. Babu yako alishuka miaka arobaini kwa pua yake, na hii yangu haijawahi kunidanganya. Au unaogopa?" Alicheka. Akashuka. Ngazi ina vidato tisa. Kwenye cha saba aliketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Hewa ile haina harufu. Nilikuwa naijua. Kila mkulima wa bonde hili anajua ndiyo sababu ya mshumaa. Lakini nilikuwa Anselme Roucayrol mwenye pua.

Askari waliponiuliza, ulikuwa umesimama mlangoni na mshumaa mkononi, na mdomo wangu ukajiokoa wenyewe. Nilidhani nitalirekebisha kesho. Kesho mama yako akaacha kusema nawe, nami nikaogopa kwamba nikisema, ataacha kusema nami. Alipokuwa anakata roho nilimshika mkono na bado sikusema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na miaka minane.

Ndani ya sanduku hili kuna chupa moja. Ni mvinyo wa tangi la pili. Tulikuwa tumeshautoa kwa bomba la chini asubuhi ile, na baadaye niliutia kwenye chupa peke yangu. Mama yako aliukataza ndani ya nyumba. Sijauza hata tone. Sijui ladha yake, na sijui unaendana na nini.

Baba yako, kama bado

*

Lille, 30 Agosti 1986

Baba,

Sina salamu.

Chupa yako imekaa juu ya kabati langu miezi mitatu. Jumapili iliyopita niliifungua. Unataka kujua unaendana na nini? Nilichoma bata, nikashindwa kumeza. Nilijaribu kondoo, nikamwita jirani akala yeye. Mwishowe nilipika supu ya mkate na kitunguu saumu, ile ya nyumbani, nikabakiza kidogo chini, nikamimina mvinyo juu yake, nikainua bakuli kwa mikono miwili kama Fabien. Unakumbuka alivyokuwa akijipaka mpaka puani, Mama akimwita nguruwe? Mvinyo wako ulishuka wote. Ni mvinyo bora kuliko wowote uliowahi kuutengeneza, na nakuchukia kwa hilo pia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nalia chooni kazini kila saa sita mchana. Kuna mwanaume alitaka kunioa, nikamwambia huoi muuaji. Ulijua yote haya, au ungejua kama ungeuliza.

Sikusamehe. Lakini utafanya jambo. Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado mlangoni pa kanisa, utalisema kama ulivyoniandikia mimi, na neno "unaogopa" usiliruke. Kisha utakwenda kaburini umwambie Mama. Kwa sauti. Ukimaliza, niandikie. Usipofanya, hii ni barua yangu ya mwisho.

Solange

*

Peyrelade, 14 Septemba 1986

Mwanangu,

Nimesema leo.

Walikuwa kama watu sitini. Sauti ilinikatika pale kwenye "unaogopa", nikarudia mpaka ikatoka. Firmin alivua kofia, akaishika muda mrefu, akaivaa, akaondoka. Yeye ndiye aliyemtoa ndugu yako, na miaka yote hii amekuwa akinionea huruma. Mkewe alinisogelea, nikadhani atanipiga kofi. Aliniuliza habari za mama yako, "Na Léonie? Ulimwacha afe hivyo hivyo?" Nikasema ndiyo. Akatema mate chini. Mayai aliyokuwa akiniletea kila Ijumaa nadhani yamekwisha.

Kwa mama yako nilikaa mpaka kengele ya jioni. Nilimwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijitetea.

Wachumaji watatu wamekwisha kutuma habari kwamba hawaji. Zabibu zimeiva, nadhani. Natafuna kokwa na kuangalia rangi yake, kwa pua siwezi. Nitachuma ninachoweza. Sikuombi kitu.

Nimenunua mishumaa kumi na miwili. Iko kwenye msumari wake, mlangoni mwa ghala.

Anselme

*

Lille, 18 Septemba 1986

Baba,

Natumaini goti linakubeba.

Treni yangu inafika Jumanne saa tisa alasiri. Usije kunipokea, nitapanda kilima kwa miguu. Nakuja na wasichana wawili wa hapa jikoni, hawajawahi kuona mzabibu lakini wana mikono. Weka maharage kwenye maji tangu Jumatatu.

Nitaonja matangi yote. Siku ya kutoa makapi, tangi la pili nitashuka mimi. Mshumaa utaushika wewe. Utaushusha kwa kamba mpaka chini kabisa, utahesabu mpaka mia, na hata mvua ikinyesha utahesabu tena. Kisha utanitazama machoni uniambie kama unawaka.

Ukiniambia nishuke, nitashuka.

Binti yako,
Solange