Hatua Kumi na Moja

Mwamgongo,
Jumanne, 13 Januari 1998.
Asubuhi mawingu mazito upande wa Kongo, manyunyu saa moja, kisha jua dogo. Ziwa limetulia.

Mpendwa dada Skolastika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu Krismasi kimepoa. Sisi huku miili yetu ni mizima. Shemeji yako Dismasi anakusalimu sana. Wiki hii yuko nyumbani, maana ni mbalamwezi na dagaa hawavuliki, kwa hiyo anashona nyavu na kula kama watu wawili. Mvua za mwaka huu ni za ajabu. Ziwa limepanda likameza yale mawe tuliyofulia nguo ulipokuja, na njia ya kisimani imekuwa kijito.

Barua yako ya tarehe 5 nimeipata juzi Jumapili kwa mkono wa Oswald wa boti, pamoja na mche wa sabuni ulioufunga kwenye gazeti. Umeniambia sabuni hiyo imetoka kwa mwenzako mnayekoroga naye uji wa watoto hapo kwenye kambi ya wakimbizi, Mrundi aitwaye Manariyo, na kwamba anamtafuta mama mmoja wa Mwamgongo aliyemzikia mtoto wake mchanga, apate kumshukuru. Umeniuliza kama namjua mama huyo, kwa kuwa kijiji chetu si kikubwa.

Namjua. Nitakujibu swali lako lote, dada, ila niache nifuate tarehe. Nisipofuata tarehe nitaruka pale ambapo sipaswi kuruka. Daftari langu la kila siku liko hapa mezani, na boti ya Oswald inaondoka kesho saa mbili.

Nianze na Nehemia, ambaye hujawahi kumsahau katika barua zako. Mwezi uliopita nilikulalamikia kwamba amefikisha mwaka na miezi minne na bado anatambaa, ukanielekeza nifanye kama bibi alivyotufanyia sisi: nimchimbie shimo mchangani, nimsimamishe ndani, nimfukie hadi kiunoni, ili miguu izoee kubeba mwili. Nilianza Jumatatu tarehe 29 Desemba, pale mbele ya nyumba, juu kidogo ya maji. Siku ya kwanza alivumilia dakika tatu, akalia. Siku ya pili dakika saba. Siku ya nne alikaa nusu saa nzima akiwarushia kuku mchanga. Jirani yangu Yunisi alipita na ndoo kichwani, akauliza hiyo mbegu ya mihogo nimeitoa wapi na tutavuna lini. Nikamwambia mwezi wa saba. Akasema vizuri, ila nisisahau kupalilia, maana ameona jani moja linachomoza puani. Tulicheka sana asubuhi hiyo. Nimeiandika kwenye daftari kwamba tulicheka.

Jumatano tarehe 7, saa tatu na dakika kumi, alitembea. Nilikuwa nimemtoa shimoni, nikamsimamisha kwenye kona ya nyumba ashike ukuta wakati namkung'uta mchanga. Dismasi alichuchumaa mbele yake na kipande cha kiazi. Yunisi naye alikuwapo, akipiga makofi na kumwita bwana harusi. Mtoto akaachia ukuta. Alimtazama Dismasi, akakitazama kiazi, akageuka, akaizunguka kona akaelekea nyuma ya nyumba. Dismasi alisema naona mwanangu amenidharau mapema, na tukamfuata tukicheka.

Alipiga hatua kumi na moja bila kuanguka. Nilizihesabu. Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni ya mihogo, kwenye kaburi la binti yangu Leonsia. Unaujua ule msalaba ambao Dismasi aliuchonga kutokana na kafi lake lililovunjika. Unajua pia kwamba pana kitambaa cha njano kimefungwa pale, ulikiona ulipokuja Agosti. Nehemia alikishika kwa mikono miwili, akasimama akiegemeza shavu. Hakucheka, na hakugeuka kututazama kama watoto wanavyofanya wakitaka kusifiwa.

Yunisi aliacha makofi. Alisema mtoto hatua zake za kwanza humpelekea yule anayemwita, kisha akachukua ndoo yake akaenda zake. Dismasi alimwita mchawi asiye na ungo. Aliniambia kitambaa kina rangi na upepo unakichezesha, mtoto gani asikifuate. Ni kweli, nami nilijiambia hivyo hivyo. Lakini Alhamisi alikwenda mara sita, na Ijumaa mara tisa. Nilimweka mbele, karibu na maji, ambako kuna mitumbwi na kuku na watoto wenzake. Alisimama kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akaizunguka nyumba. Mimi nimemnyoshea mikono tangu siku ile, dada, na hajaja kwangu hata mara moja kwa miguu yake.

Jumamosi tarehe 10 Dismasi aliona sina raha. Alisema dawa ni kukiondoa kile kitambaa, ila aliniomba ruhusa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekifunga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemwambia zamani. Sikuweza kukataa. Akakifungua, akakifua ziwani, akakianika juu ya nyavu. Kilipokauka akakivuta vuta, akasema kumbe ni nguo imara, ni mbeleko kabisa, haifai kuachwa kwenye jua. Alimpandisha Nehemia mgongoni kwangu, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe, akasema Leonsia amemwazima kaka yake. Alisema kwa upendo. Unajua jinsi mtoto huyu anavyopigana akibebwa mgongoni, anavyosukuma kwa magoti. Siku hiyo alilala kabla Dismasi hajamaliza kukaza fundo. Nilihisi anapumua ndani ya ile nguo kama aliyefika, na nikashindwa kukaa wala kusimama. Nilizunguka naye ufukweni hadi giza likaingia.

Kesho yake ikaja barua yako na sabuni.

Sasa nirudi nyuma. Leonsia alifariki tarehe 8 Novemba 1996, akiwa na siku tisa. Tarehe 14, saa kumi na mbili asubuhi, ilifika ile mitumbwi miwili kutoka Burundi, na katika mmoja alikuwamo bibi mgonjwa mwenye mtoto wa miezi mitatu. Haya unayajua, nayarudia ili yakae mahali pake. Bibi alisema mtoto anaitwa Bonfils, na kwamba mama yake, Manariyo, jina ambalo wewe sikukutajia, alibaki ng'ambo kwa kuwa mtumbwi ulijaa. Aliwasukuma majini yeye mwenyewe akarudi kujificha. Bibi alifariki kesho yake mchana. Maziwa yangu yalikuwa bado yananiuma, kina mama wakamleta mtoto kwangu. Aliponyonya mara ya kwanza nililia hadi nikamlowesha kichwa. Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba mama yake akija, atamchukua.

Usichokijua ni cha Jumatano, tarehe 19 Februari 1997. Nimelifungua daftari kwenye siku hiyo. Nimeandika: Mvua tangu saa nne. Dagaa wameloa. Basi. Mimi niandikaye hata idadi ya mayai, siku hiyo niliandika mvua tu.

Dismasi alikuwa Kigoma kuuza dagaa. Mimi nilikuwa ufukweni peke yangu nikizoa dagaa kabla hawajalowa, wengine wamekwishakimbilia majumbani. Boti iliyotoka kaskazini na abiria wa Kirundi ilisimama hapa kwetu ikingoja mawimbi yapungue. Mwanamke mmoja alishuka, mwembamba, na kitambaa cha njano amekikunja kifuani chini ya nguo. Aliniamkia, akaniuliza kwa Kirundi kama hapa palifika bibi mwenye mtoto mchanga aitwaye Bonfils. Kirundi chao na Kiha chetu vinaelewana, siwezi kusema sikumwelewa.

Nilimwambia bibi alifariki. Kisha, dada, mdomo wangu ukaendelea. Nikamwambia na mtoto alifariki siku ya nne.

Hakupiga yowe. Aliniomba nimwonyeshe. Nikampeleka nyuma ya nyumba, nikamwonyesha kaburi la Leonsia. Aliuliza kama aliogeshwa, nikasema aliogeshwa kwa maji ya moto. Akauliza kama aliogopa, nikasema hapana, alikuwa amelala kwenye mkono wangu wa kushoto. Akauliza alivikwa nini, nani alimwombea, na mvua ilikuwa inanyesha au jua. Nilimjibu yote bila kusita. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli, ila yalikuwa ya mwanangu. Tarehe tu ndiyo niliyobadilisha.

Alikitoa kile kitambaa, mbeleko aliyokuwa akimbebea, akaifunga kwenye msalaba. Alikuwa bado ameshika fundo pale mtoto alipokohoa ndani ya nyumba. Mara moja tu. Manariyo aliinua kichwa. Nilimwambia ni wa kwangu. Akasema Mungu akulindie huyo, akanishika mikono yote miwili akasema murakoze, murakoze, asante kwa kumzika mwanangu kama wako. Watu wa boti wakamwita, akateremka mbio kwenye mvua. Sikumwambia jina langu, naye hakuuliza.

Basi yule mama mwema unayemtafuta ni mimi mdogo wako, na mtoto wa Manariyo hakuzikwa na mtu yeyote. Ndiye huyu. Wiki ile ile nilianza kumwita Nehemia, nikamweleza Dismasi kwamba Bonfils ni jina gumu kwa watu wa hapa. Wewe ukalizoea la Nehemia, ndiyo maana hukushtuka uliposikia habari za mwenzako.

Nilidhani nimepata mtoto. Sijui namna ya kukueleza kilichofuata. Tangu siku ile sijaweza kulitaja jina la Leonsia pale kaburini. Nilimtoa, nikampa mtu mwingine amlilie kwa jina lisilo lake. Nikienda kupalilia naona kama pale wamelala wawili, siku nyingine naona hayupo hata mmoja. Na sasa mtoto amepata miguu, na kila akiamka anakwenda pale pale mama yake alipopiga magoti. Hata baada ya kitambaa kuondolewa. Leo amekwenda mara nne, na hakuna kinachopepea. Anaushika msalaba mtupu.

Sabuni sijaigusa. Iko juu ya rafu, na nyumba nzima inanukia. Umeniandikia kwamba Manariyo hakubali kumshika mtoto yeyote siku ya kupima uzito, anakoroga uji tu akiwapa mgongo, na kwamba jioni anamwombea yule mama wa ziwani. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote shuleni.

Nakuomba usimwambie lolote hadi nifike. Si kwamba nataka kuficha tena. Akiambiwa na mtu mwingine hatasadiki, atadhani anachezewa. Tutapanda boti ya Ijumaa tarehe 16, tulale Kigoma, na Jumamosi tupate gari linalopita Kidahwe kuja huko, kama barabara haijakatika. Nitavaa ile mbeleko. Ninachokuomba ni kimoja tu: Jumamosi mchana mkae naye mahali pa wazi, pasipo na matope, awe amekaa chini. Usimtayarishe kwa maneno wala usimshike mkono. Mimi nitamweka mtoto chini hatua kumi na moja kutoka pale alipo, niseme jina lake la kwanza, halafu nirudi nyuma. Atakalonitendea baada ya hapo ni haki yake. Kama ataita polisi wa kambi, usinitetee.

Dismasi bado sijamwambia. Nitamwambia usiku huu, kabla sijafunga bahasha.

Msalimie shemeji, na watoto wote kwa majina yao. Mwambie Selestini wako kwamba lile kombeo aliloliacha hapa nimelihifadhi, nitamletea. Nisamehe kwa kukufanya umbebee mwenzako habari za uongo bila kujua.

Ni mimi mdogo wako,
Agnesi.

Jumatano, 14 Januari. Hakuna mawingu, upepo mdogo. Oswald ananingoja, naongeza machache tu. Nilimwambia Dismasi yote. Hakunipiga. Alimtazama mtoto aliyelala, kisha akatoka. Nilidhani amekwenda kwa Yunisi au kwa mwenyekiti. Baadaye nilisikia sauti nyuma ya nyumba nikafungua dirisha. Alikuwa amekaa kwenye mihogo, karibu na msalaba wa kafi lake, na alikuwa anasema Leonsia, Leonsia, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto asishtuke. Nikatoka nikakaa naye. Nami nikalitaja. Aliporudi ndani alichukua ile mbeleko, akaikunja, akaiweka juu ya kapu la safari. Nililala saa tisa na dakika ishirini.